Mama amekataa mofini: "Sitaki kufa teja"

Assalaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka Shela, hapa Malindi. Naandika usiku kwa sababu mchana nyumba haiishi watu, na haya siwezi kuyasema mbele yao.

Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Iligunduliwa mwaka jana, baada ya kutokwa na damu miezi na miezi, naye akituambia ni hedhi inamuaga. Tukampeleka Mombasa, akapigwa mionzi na kutundikiwa dawa, akapata nafuu, tukasoma maulidi ya shukrani. Baada ya Idi maumivu yakarudi: kiunoni, kwenye nyonga, na mguu wa kushoto wote, anasema unawaka moto. Safari hii daktari aliniita kando akaniambia ugonjwa umetambaa na hawana tena njia ya kuuondoa. Akaniandikia barua ya kwenda kitengo cha tiba shufaa, cha kumpunguzia mgonjwa maumivu na taabu. Mama hajui kwamba niliambiwa hivyo. Anajua tu tumepewa dawa ya kutuliza.

Muuguzi wa pale ni mpole. Alinieleza mengi lakini nilikuwa nalia, nusu yake sikuyasikia. Nikatoka na chupa ya dawa ya maji na bomba la kupimia. Chupa imeandikwa mofini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kaka yangu mkubwa alikuwa teja. Sifichi, mtaa mzima unajua. Alitumia unga, yaani heroini, zaidi ya miaka kumi, aliuza mpaka masufuria ya mama na mlango wa chumba cha uani. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, kliniki kila asubuhi, anaendesha tuktuk ya watu, anasali, na kusema haki ndiye anayemsaidia mama kuliko sisi wote. Ndiye anayembeba kutoka kitandani mpaka barazani, ndiye anayekesha naye. Alipoisoma ile chupa alibadilika uso. Akasema, "Huu ni unga wa hospitali. Usimpe mama." Akatoka, hakurudi mpaka usiku. Mama alisikia. Tangu siku hiyo amekataa katakata. "Nimehangaika na teja mmoja nyumba hii, sitakuwa wa pili. Sitaki kufa teja."

Kwa hiyo tunampa Panadol na Brufen za duka la dawa, hata mara tano kwa siku akizidiwa. Usiku anauma leso ili watoto wasimsikie. Mama yangu ni msusi, mikeka yake inajulikana mpaka Mambrui, na sasa ukili umelala pembeni haugusi. Damu inamtoka kidogo kidogo na ina harufu, kwa hiyo amekataza wanawake wenzake wasije chumbani. Hasali, anasema hana twahara. Hilo nahisi linamuumiza kuliko hata mguu.

Ami yangu anasema maumivu ni kafara ya madhambi, na dawa ya kulevya ni haramu. Dada yangu aliye Jeddah anataka tuuze kiwanja alichoacha marehemu baba tumpeleke mama India. Nilipomwambia habari za tiba shufaa akanijibu kwa sauti ya WhatsApp, nimeihifadhi mpaka leo: "Huko ni kwa watu wa kungoja kufa. Umeshamkatia mama tamaa wewe."

Chupa nimeificha ndani ya pipa la mchele kaka asiione. Shangazi, je, nikimpa mama dawa hii atakuwa teja kweli? Itamuua haraka? Na nimfanyeje kaka yangu?

Binti wa Shela

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na kitu ambacho hukuniuliza, kwa sababu hakiwezi kungoja. Hizo Brufen zisimamisheni, na asubuhi umpigie simu yule muuguzi umwambie mama alikuwa akimeza ngapi. Saratani ya mlango wa kizazi ikienea kwenye nyonga inaweza kubana mirija inayoteremsha mkojo, na figo zikalemewa. Brufen juu yake huziongezea mzigo, huchubua tumbo, na kwa mtu anayetokwa na damu huweza kumfanya atoke zaidi. Panadol nayo ina mpaka: vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24 ndio mwisho kwa mtu mzima, na mwili uliokonda unastahili chini ya hapo. Mnaiogopa dawa iliyopimwa na hospitali, na huku mnamtibu kwa dawa za dukani zisizopimwa na mtu.

Pili, itoe chupa kwenye mchele. Soma tarehe iliyoandikwa. Mofini ya maji ikishachanganywa haikai muda mrefu, na kama imepita siku zake usimpe, irudishe wakupe nyingine. Wakikupa nyingine, soma pia nguvu yake, kwa kuwa chupa mbili za mofini zinaweza kufanana kwa umbo huku moja ikiwa na nguvu mara kadhaa ya mwenzake. Mwambie muuguzi akuwekee alama kwenye bomba la kupimia, kwa kalamu isiyofutika, mahali hasa pa kufikisha.

Sasa hofu ya mama.

Mimi sithubutu kumcheka. Mwanamke aliyezeekea Malindi amewaona vijana wake wakimalizika maskani, amenunua upya masufuria yaliyouzwa, amefungua mlango alfajiri asijue atakuta nini. Mtu huyo akiambiwa "kunywa hii, ni ya jamii ya unga," akikubali haraka ndipo ningeshangaa. Na kaka yako hakusema uongo. Unga hutengenezwa kutokana na mofini. Methadoni anayokunywa kila asubuhi ni ya jamii hiyo hiyo pia. Msimdanganye mama kwamba ni dawa ya kikohozi, maana atajua, na akijua hatameza tena chochote kutoka mkononi mwako.

Ila muulizeni kaka mwenyewe alikuwa akitafuta nini kwenye unga. Atawaambia: stimu, na baadaye kuikimbia arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa uliyoizoea. Alikuwa akiongeza kila alipopata pesa, akiificha dunia nzima, na kadiri alivyotumia ndivyo alivyozidi kutokuwa mwanenu. Mama yenu atapewa kipimo kidogo kwa saa maalumu, mbele ya watu wake, kikiandikwa kwenye daftari. Kikimtosha, ataamka, atawajua wajukuu kwa majina, ataomba uji, pengine atavuta ule ukili. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa maumivu, akisimamiwa vizuri, ni nadra sana kuanza kuitamani dawa kwa ajili ya ulevi. Mwili wake utaizoea, hilo ni kweli, na ndiyo sababu msije mkaikata ghafla bila muuguzi kuwaelekeza. Lakini mwili kuizoea dawa ni jambo moja, na uteja ni jambo jingine.

Wala haitamuua haraka, ikianzwa chini na kupandishwa polepole na anayejua kazi yake. Watu huona mgonjwa anaanza mofini, wiki chache baadaye anafariki, wanasema ni mofini. Mara nyingi alicheleweshewa mpaka akapewa siku za mwisho tu. Shirika la Afya Duniani limeiweka mofini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu orodha hiyo ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1977. Majirani zetu Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji majumbani mwao tangu 1993, tena vijijini, na baadaye wakawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika.

Nikueleze inavyokwenda, kwa vile uliyoambiwa uliyasikia nusu. Mofini ya maji hufanya kazi kama saa nne. Kwa hiyo hupewa kila baada ya saa nne, auma asiume. Hapa ndipo familia nyingi hukosea: wanangoja mgonjwa alie ndipo wampe, na dawa inapoanza kushika, maumivu yameshapanda, inabidi yakimbizwe kwa kipimo kikubwa. Yakizuka kabla ya saa ya dawa inayofuata kuna kipimo cha ziada, na muuguzi atakwambia ni kiasi gani. Uliza pia cha usiku, maana wengine huelekezwa kunywa zaidi kidogo wakati wa kulala ili wasiamshwe kati. Usijiamulie mwenyewe hayo. Weka daftari: saa, kiasi, na maumivu yalikuwaje kwa alama sifuri mpaka kumi. Muuguzi akiliona daftari hilo ataongeza au kupunguza bila kubahatisha.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia. Mtu aliyekuwa akiuma leso usiku kucha ana deni la usingizi, mwache alipe. Kichefuchefu kinaweza kuja nacho, na kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Choo kigumu hakiishi, hicho kitakuwepo muda wote atakaokunywa dawa, kwa hiyo usitoke hospitali bila dawa ya kulainisha choo. Papai na maji ya ukwaju ni vizuri, mpe, lakini peke yake havitafua dafu. Ukimwona haamshiki, anapumua kwa nadra sana, misuli inarukaruka, au anaona watu wasiokuwepo, usimpe kipimo kinachofuata. Piga simu. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zinaweza kuwa zimebanwa, dalili hizo zina uzito.

Kisha kuna huo mguu unaowaka moto. Mwambie muuguzi neno hilo hilo, "unawaka moto", usiseme tu "unauma". Maumivu ya kuwaka, ya kupiga shoti kutoka kiunoni mpaka kwenye vidole, mara nyingi ni ya mishipa ya fahamu iliyobanwa, na mofini peke yake hayamalizi. Huongezewa dawa nyingine, mara nyingi kidonge cha amitriptilini usiku. Duka la dawa watakwambia hiyo ni dawa ya sonona. Ni kweli, na hutuliza mishipa pia, usishtuke. Mguu ukivimba ghafla mmoja tu, hiyo ni habari nyingine, apelekwe akaonwe siku hiyo hiyo.

Tuje kwa kaka yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeificha chupa kwenye mchele na unadhani hajui. Mtu aliyeishi miaka kumi akitafuta vitu vilivyofichwa! Anajua ilipo tangu siku ya kwanza, na kila siku anayopita hapo bila kuigusa anapigana vita ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyemshukuru. Alipobadilika uso hakuwa anamwogopea mama tu. Alikuwa anajiogopea.

Kaa naye, ninyi wawili, mbali na watoto. Mwambie wazi: "Kaka, dawa hii mama anaihitaji. Nataka ikae ndani ya nyumba bila kukudhuru. Tufanyeje?" Mwache aseme. Pengine atataka ifungwe kwenye sanduku la kufuli na ufunguo ukae nawe kiunoni, nawe usimwambie unaulaza wapi. Pengine atasema hataki hata kuiona ikipimwa. Yote mawili ni maombi ya mtu anayejijua, yakubali bila kumwonyesha shaka usoni. Asitumwe peke yake kwenda kuichukua hospitali. Na ni lazima aambiwe, hata kama anajua, kwamba mofini juu ya methadoni inaweza kusimamisha pumzi ya mtu usingizini. Awaeleze wanasihi wake wa kliniki kwamba nyumbani kuna mofini ya mgonjwa. Kliniki ya methadoni imekuwepo Malindi tangu 2015, kesi hii haitakuwa ngeni kwao. Majirani hawana haja ya kujua kilichomo kwenye sanduku. Mtaa wenye mateja una masikio.

Ukishapatana naye, mwombe jambo moja ambalo wewe huliwezi: yeye ndiye amwambie mama. Wewe ukisema "si unga", mama atakuona mtoto. Yeye akisema, "Mama, mimi naujua unga, na hii unavyopewa wewe sivyo," hakuna daktari atakayemshinda. Na anaijua vizuri kuliko yeyote hapo nyumbani dawa inayonywewa kwa saa, kwa kipimo, mbele ya muuguzi, ambayo imemrudisha mtu nyumbani kwao. Ni yeye mwenyewe.

Baada ya hapo mama akiendelea kukataa, ni haki yake. Msimwekee kwenye chai. Muulize ajaribu siku chache tu, kwa ahadi kwamba akisema basi, mtampigia muuguzi awaelekeze namna ya kuiacha. Wengi wakishalala usiku mmoja mzima huwa hawarudi kwenye mjadala.

Ami yako mwambie kwa adabu zake. Hadithi anayoitegemea ni sahihi: Muislamu hapatwi na tabu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo madhambi. Ila sijamwona mtu aliyechomwa na mwiba akauacha mguuni ili azidi kufutiwa, akiwemo ami. Mtume huyo huyo, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu kujitibu akasema jitibuni. Na mofini inayoandikwa na tabibu kwa maumivu yasiyozuilika kwa kingine, maulamaa wameiruhusu kwa haja hiyo, kwa kiasi cha haja hiyo. Kama hatosheki na maneno ya shangazi wa gazetini, aende kwa kadhi. Usibishane naye mbele ya mama.

Suala la sala, mwanangu, lilistahili kuwa la kwanza kwenye barua yako. Mama yako anasali! Damu itokanayo na ugonjwa ni istihadha, haina hukumu ya hedhi. Ajisafishe, aweke pedi, na wakati wa sala ukishaingia atawadhe na asali hapo hapo. Faradhi nyingine, udhu mwingine. Damu ikitoka katikati ya sala haimharibii. Maji yakimtaabisha kuna tayamamu, kusimama kukimshinda akae, kukaa kukimshinda alale na aashirie. Mlete ustadhi wa kike amwelezee mwenyewe, maana akilisikia kwako atadhani unambembeleza. Kama Ramadhani itamkuta katika hali hii hana saumu, na asiyetarajia kupona hutoa fidia ya kumlisha masikini kwa kila siku. Nimejua wanawake waliokaa miezi bila sala kwa kukosa mtu wa kuwaambia hili, na walipoambiwa walilia kuliko siku waliyopewa habari ya ugonjwa.

Harufu ina dawa, na inasikitisha kwamba watu huona haya kuitaja hospitalini. Husababishwa na bakteria wanaostawi kwenye kidonda cha saratani, na Flagyl hizi hizi tunazozijua huipunguza sana. Muuguzi atakuonyesha kama ni za kumeza au za kusagwa na kuwekwa mahali penyewe. Pedi zibadilishwe mara kwa mara, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu. Chini ya kitanda weka sahani ya mkaa mkavu, usiowashwa, hunyonya harufu, kisha uubadilishe kila baada ya siku chache. Udi fukizeni kidogo mlangoni, msimzungushie chetezo kitandani. Mgonjwa mwenye kichefuchefu moshi humchefua zaidi. Asmini kwenye mto inatosha. Damu ikizidi, ikaja kwa mabonge au akiona kizunguzungu, mrudishe hospitali, kuna dawa za kuikaza na pengine mionzi ya siku chache ya kuizuia na kutuliza maumivu. Alishapigwa mionzi, kwa hiyo madaktari wa Mombasa ndio wataamua kama nafasi ipo.

Harufu ikipungua, waulize wale wanawake wenzake warudi, mmoja mmoja, na waje na ukili wao. Wanaokuja kuhadithia fulani aliyekufa nayo, wape kahawa barazani uwaage.

Dada yako wa Jeddah hana ubaya. Yuko mbali, hana mkono wa kumsaidia mama kujigeuza, kwa hiyo mkono wake ni pesa na sauti ya WhatsApp. Mwambie kwanza atume ripoti na picha zote kwa hospitali ya India anayoitaka, waulizwe kwa maandishi watafanya nini ambacho Mombasa hawakufanya, na kwa matarajio gani. Hilo halihitaji kuuza kitu. Kiwanja cha marehemu ni mirathi, mama mwenyewe ana thumuni yake humo, hakiuzwi kwa hasira za simu. Na kuhusu "kungoja kufa", mweleze hivi: mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu walipewa tiba ya kawaida, nusu wakaongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Hao wa pili waliishi kwa nafuu zaidi, na pia waliishi muda mrefu zaidi, kwa wastani wa kati wa miezi 11.6 dhidi ya 8.9, ingawa walipewa matibabu makali machache zaidi katika siku za mwisho. Ilikuwa saratani nyingine, nchi nyingine, simwahidi dada yako miezi. Ila yale maneno kwamba umemkatia mama tamaa, hayo ayafute. Hospitalini Mombasa kuna hospisi, kituo cha tiba shufaa, watu huenda kliniki na kurudi makwao, kwenda kwa ushauri hakumfungii mtu mlango wa matibabu.

Swali la SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, liulize kwenye dawati lao hospitalini kabla ya safari yoyote: kimebaki kiasi gani kwenye fungu la saratani la kaya yenu, na kitengo mnachokwenda kimesajiliwa au hakikusajiliwa.

Limebaki lile mnalomficha. Kwetu tunaficha kwa huruma, nami sitaki umwangushie mama habari kama gunia. Anza kwa kumuuliza yeye: "Mama, wewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Huenda akakwambia anajua zaidi yako, maana mwili ni wake. Akitaka kujua, mwambie daktari alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, na bila kumpa tarehe. Akisema "sitaki kuyasikia hayo," muulize nani asikie kwa niaba yake. Ana mambo yake, mama yako: madeni ya mikeka, wasia, pengine neno la kumwambia mwanawe aliyeuza ule mlango. Asipojua hali yake hatapata wasaa wa kuyapanga.

Na wewe, kabla sijasahau, nenda ukapimwe mlango wa kizazi. Kama una binti aliyefika miaka 10, chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, hutolewa bure nchini tangu Oktoba 2019. Usimngoje mama apate nafuu ndipo uende.

Mkianza dawa, hesabu kila Jumatano kilichobaki kwenye chupa. Mofini haiuzwi kwenye duka la dawa la kona, na ikiwaishia Ijumaa jioni mtangoja mpaka Jumatatu naye akiwa kwenye maumivu na arosto juu yake, jambo ambalo litamthibitishia hofu yake yote. Chupa tupu na dawa yoyote itakayobaki zirudishwe kwa muuguzi kwa mkono wako, aandike kwamba amezipokea.

Shangazi